Jiwe Lisilopanda Mzani

Dalali wa vito alilimulika jiwe langu kwa tochi, akaligeuza mara moja, akanirudishia. Mzani hakuugusa. "Hili la msingi wa nyumba, mwalimu. Ukipata tanzanaiti, njoo tuongee."

Hapo ni Arusha, miaka kadhaa iliyopita. Jiwe lilikuwa jeusi, ukubwa wa ngumi, na katikati yake kulikuwa na pande la kijani lililoshikamana punje kwa punje kama sukari iliyopata unyevu. Nilikuwa nimeliokota upande wa Monduli.

Dalali simlaumu. Kazi yake ni vito, na punje zile zilikuwa ndogo, zimejaa nyufa, hazichongeki. Ugomvi wangu ni na watu wanaosema maneno yaleyale wakiwa wamekaa pengine: kwenye meza za bajeti, kwenye warsha, kwenye safu za magazeti, na hata kwenye sebule za nyumba ambako kijana anaaga kwenda kusoma jiolojia. Wanasema jiwe lenye maana ni lile lenye bei. Wanasema nchi isiyo na fedha haina muda wa kusoma mawe yasiyouzika. Rai hii imezoeleka mno, hata haionekani tena kuwa ni rai. Inapita kama ukweli usiohitaji shahidi. Tangu siku ile ya Arusha nimekuwa nikiitafutia shahidi, na kila ninayemwita anaikana.

Jiwe lenyewe, au tuseme lile pande la kijani, ni olivini. Ni muungano wa magnesi, chuma, silikoni na oksijeni. Mjerumani Abraham Gottlob Werner ndiye aliyelipa jina hilo mwishoni mwa karne ya 18, kwa kuwa rangi yake ni ya zeituni. Punje zake zikiwa kubwa na safi, masonara huziita peridoti. Waarabu waliiita zabarjadi, na kiko kisiwa cha Misri katika Bahari ya Shamu chenye jina hilohilo, ambako vito hivyo vilichimbwa tangu zama za kale. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili atakuwa amekutana na zabarajadi katika kifuko cha kifuani cha Haruni, ingawa wataalamu wa Kiebrania hawajakubaliana ni jiwe gani hasa lililokusudiwa pale.

Vito hivyo ni tone. Bahari yenyewe iko chini ya miguu yetu. Ukivuka ganda la nchi, kilomita 30 au 40 hivi chini ya nyanda za bara, unaingia katika mantili, na kuanzia hapo mpaka kilomita 410 zaidi ya nusu ya mwamba ni olivini. Zaidi ya hapo msukumo unakuwa mkubwa mno, na olivini inajikunja kuwa madini mengine yenye viungo vilevile lakini mpangilio tofauti. Kwa kipimo cha sayari, dhahabu ndiyo takataka.

Na si sayari hii tu. Kuna vimondo vinavyoitwa palasiti, kwa jina la Peter Simon Pallas aliyekieleza kimoja huko Siberia mwaka 1772, ambavyo ni chuma kilichojaa punje za olivini kama zabibu kavu ndani ya keki. (Kimondo chetu cha Mbozi ni cha chuma, lakini si cha ukoo huo.) Chombo cha Stardust kilipoleta vumbi la nyotamkia duniani mwaka 2006, olivini ilikuwamo. Gari la Perseverance lilipotua Mars mwaka 2021, katika kreta ya Jezero, liliikuta kwenye miamba ya sakafu. Haya nayataja kwa haraka, maana najua jibu litakalokuja: mambo ya mbinguni hayajazi ghala. Basi turudi Monduli.

Kilima nilichookota jiwe langu jirani yake kinaitwa Lashaine. Ni volkano ndogo iliyozimika, magharibi mwa mji wa Arusha, na ukipita bila kuambiwa utadhani ni kichuguu kikubwa cha malisho. Kilipolipuka, magma yake ilipanda kwa kasi kubwa kiasi cha kukwangua vipande vya mantili njiani na kuvitupa juu vikiwa vizima. Kasi ilikuwa lazima, kwa sababu mawe haya ni mazito. Magma ingejivuta, yangezama na kubaki huko. Mwingereza J. Barry Dawson, aliyekuwa mwajiriwa wa idara ya jiolojia ya Tanganyika, ndiye aliyeupa ulimwengu habari za pembe hii. Mwaka 1960 alishuka katika kreta ya Ol Doinyo Lengai akaona lava isiyofanana na nyingine yoyote, nyeusi, nyepesi kama mafuta, ya ukoo wa magadi. Mwaka 1970, akiwa na wenzake wawili, alichapisha uchambuzi wa mawe ya Lashaine.

Waliona nini? Hapa naomba msomaji anivumilie, maana kesi yote imelala hapa. Ndani ya olivini, magnesi na chuma hugombea kiti kimoja. Mwamba unapoanza kuyeyuka, chuma hutangulia kwenye uji na magnesi hubaki kwenye punje. Uji ukishaondoka, punje zilizobaki zinakuwa na magnesi zaidi kuliko mwanzo. Olivini ya kawaida ya mantili ina magnesi katika viti kama 90 kati ya 100. Ya Lashaine hufika 92, 93, hata 94. Tofauti ya viti vitatu vinne tu. Lakini viti hivyo vinasema kwamba mwamba ule uliwahi kukamuliwa sana, ukaachwa mkavu, mwepesi na mgumu. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walipima osmi katika mawe ya namna hiyo, hasa ya kilima kingine cha kaskazini mwa Tanzania kiitwacho Labait, wakapata kwamba mwamba huo, ulio mzizi wa sehemu hii ya bara, una umri wa takriban miaka bilioni 2.8.

Sasa chukua ramani. Bonde la Ufa linashuka kutoka Ethiopia. Likifika kwetu linagawanyika: mkono mmoja unapita Turkana, Naivasha, Natron na Manyara, mwingine unazunguka magharibi kupitia Ziwa Albert, Kivu na Tanganyika. Katikati wamebaki Ziwa Victoria, Mwanza, Shinyanga na Tabora, bila ufa. Kwa nini Arusha ina Mlima Meru na Mwanza haina volkano? Kwa sababu chini ya Mwanza uko ule mzizi uliokamuliwa miaka bilioni 2.8 iliyopita, na ufa ulipoufikia haukuweza kuupasua, ukauzunguka. Habari za mzizi huo zimeandikwa katika punje za kijani ambazo dalali aliniambia nijengee msingi. Bila kujua, alisema kweli: ni msingi, ila si wa nyumba moja.

Anayependa bei naye ana fungu lake humu. Almasi haiumbiki popote tu. Inataka mzizi mnene na wa baridi kama huu. Mwadui iko juu ya mzizi huohuo. Almasi zake zilipandishwa na kimberlaiti, mwamba ambao madini yake makuu yalikuwa olivini. Nasema yalikuwa, kwa sababu katika joto na mvua za kwetu olivini huoza mapema, na ndiyo maana watafutaji hufuata wenzake wagumu zaidi, ganeti na ilmenaiti, mpaka wafike kwenye shina. Mkanada John Williamson, aliyeipata Mwadui mwaka 1940, alikuwa mwanajiolojia aliyesomea miamba kabla ya kuisaka. Aliyeanza kwa kusoma mawe yasiyouzika ndiye aliyefika kwenye linalouzika. Wale wa "inauzwaje?" walikuwa wakilima juu yake.

Lakini sitaki kushinda kwa almasi, maana hapo nitakuwa nimekubali mzani wa mpinzani. Twende Goma.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipasuka ubavuni, na lava ikateremka mpaka viungani mwa mji. Watu zaidi ya 30 walikufa. Onyo halikutangulia, na kituo cha uangalizi wa volkano cha Goma kilikuwa kimepungukiwa fedha kabla ya siku hiyo. Jirani ya Nyiragongo iko Nyamulagira, ambayo hulipuka mara kwa mara na ambayo lava zake zina punje za olivini. Punje hizo ni saa. Olivini inayokua ndani ya magma hujijenga tabaka juu ya tabaka. Magma mpya yenye joto zaidi ikiingia kutoka chini, tabaka la nje linakuwa na viungo tofauti na kiini, na hapo chuma na magnesi huanza kuhama polepole, kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Mlima ukilipuka, punje hupoa ghafla na uhamaji husimama. Mtafiti anayepima ukingo ule, maikroni kwa maikroni, anaweza kusema ni siku, miezi au miaka mingapi ilipita kati ya magma mpya kuingia na mlima kulipuka. Kazi hii inafanywa kwa volkano za Hawaii, Iceland na Italia. Haizuii mlipuko. Inamwambia mwenye vipima matetemeko kwamba mlima huu, ukianza kuonyesha dalili fulani, humpa mtu muda kiasi gani wa kubeba watoto na kuondoka. Niambieni huo unauzwa shilingi ngapi kwa gramu.

Wapinzani wangu si wajinga, na hoja yao ina upande wenye nguvu ambao si haki kuuficha. Wanasema: mashine ya kupima punje hizo ni ghali kuliko zahanati, shule hazina madawati, wacha Wazungu wasome, sisi tutasoma walichoandika. Mtu aliyewahi kuona darasa la watoto 100 haicheki hoja hii. Hata hivyo inasimama juu ya dhana moja ya uongo, kwamba utafiti wa aina hii ni anasa ya waliokwisha kutajirika.

Tazama Norwei. Ilijitenga na Sweden mwaka 1905, nchi changa ya wavuvi na wakulima, na ilikuwa mbali sana na utajiri wa mafuta tunaoujua leo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza bidhaa kutoka nje zilipokatika, serikali yake haikungoja dalali aje na mzani. Ilimpa mwanasayansi mmoja, Victor Goldschmidt, kazi ya kuchunguza malighafi za nchi. Huyu ndiye ambaye baadaye wengi walimwita baba wa jiokemia. Milima ya magharibi ya nchi hiyo ilikuwa na olivini tele ambayo hakuna aliyejua pa kuipeleka. Goldschmidt alijua kutokana na kemia yake kwamba olivini yenye magnesi tupu haiyeyuki mpaka nyuzi karibu 1,890 za Selsiasi, ilhali ile ya chuma tupu huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,205. Kwa hiyo alijua ni olivini ipi ya kufanyia matofali ya tanuri na ipi ya kuacha. Machimbo ya Åheim yalizaliwa kutokana na ujuzi huo, yakawa makubwa kuliko yote ya olivini duniani. Mchanga wake ukaingia katika viwanda vya kusubu vyuma, tena kwa faida nyingine: hauna silika huru kama mchanga wa kwatzi, ule ambao vumbi lake huwaletea wafanyakazi silikosisi. Wachimbaji wa Mererani, wanaokohoa vumbi la mashimo, hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Norwei ilisoma jiwe ikiwa haina fedha. Bei ikaja nyuma, ikifuata elimu. Ndugu zangu wanataka itangulie.

Miaka ya karibuni limetokea kundi jingine, nalo linajidhani liko upande wangu. Hawa wameigundua olivini. Wanaisifu. Wanasema ndiyo itakayotuokoa na joto la dunia: isage, imwage pwani na mashambani, itayeyuka na kufunga hewa ukaa ndani ya maji milele. Ukiwasikiliza utadhani jiwe limepata heshima yake hatimaye. Mimi nawaona ni dalali yuleyule aliyebadilisha mzani. Zamani walipima kwa karati, sasa wanapima kwa tani ya kaboni, na wote wawili wanataka jibu kabla ya kusoma.

Kemia yao ni ya kweli. Tani moja ya olivini ya magnesi, ikiyeyuka yote, inaweza kufunga takriban tani 1.25 za hewa ukaa. Huko Oman, katika milima ya Samail ambayo Waswahili wengi wenye jamaa Maskati wamepita chini yake, mwamba huu umekuwa ukifanya kazi hiyo wenyewe. Mishipa myeupe inayoonekana kwenye miamba ni hewa ukaa iliyogeuka jiwe. Peter Kelemen na Jürg Matter walikadiria mwaka 2008 kwamba milima hiyo inafunga kati ya tani 10,000 na 100,000 kwa mwaka. Ni ajabu ya kweli, na ni kidogo sana. Dunia inatoa takriban tani bilioni 37 kila mwaka kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa na kwa kutengeneza saruji. Gawanya mwenyewe kwa 1.25: utahitaji kama tani bilioni 30 za olivini kila mwaka, zaidi ya mara tatu ya makaa yote yanayochimbwa duniani, na zote zichimbwe, zisagwe na kusafirishwa kwa mashine ambazo nazo zinakula mafuta.

Kisha kuna suala la muda. Olaf Schuiling wa Chuo Kikuu cha Utrecht ndiye aliyeipigania njia hii kwa bidii kuliko wote. Mwaka 2009 watu wa chuo hichohicho, Suzanne Hangx na Christopher Spiers, walikokotoa wakaona kwamba mchanga wa ukubwa wa kawaida wa pwani utachukua karne nyingi kuyeyuka. Ili ufae, punje lazima zisagwe mpaka chini ya maikroni 10, nako kusaga huko kunakula nishati. Tena olivini ina nikeli kidogo, takriban sehemu tatu katika 1,000, na kromu huandamana nayo, na vyote hivyo vinakwenda mahali jiwe linapoyeyukia: kwenye kome, kwenye samaki, kwenye udongo wa mihogo. Sisemi njia hii haifai kabisa. Nasema aliyekuambia ni rahisi hajasoma, au amesoma akakuficha.

Jambo hili si la mbali. Mwaka 2025 kampuni ya Mati Carbon ilishinda tuzo kuu ya XPRIZE, dola milioni 50, kwa kazi ya kumwaga unga wa basalti katika mashamba ya wakulima wadogo. Kazi yake kubwa iko India, na imeshafika Zambia na Tanzania. Basalti ni mwamba ambao mara nyingi olivini imo ndani yake. Huenda mashamba yakanufaika kweli; udongo wa Kilimanjaro na Meru, uliozaliwa na miamba ya namna hii, umelisha migomba na kahawa muda mrefu, na magnesi ndiyo iliyokaa katikati ya kila chembe ya ukijani wa jani. Lakini kinachouzwa huko Ulaya na Marekani ni namba: tani ngapi zimefungwa katika shamba la mama fulani. Namba hiyo hupatikana kwa kupima maji ya udongo, mwaka baada ya mwaka, na kujua jiwe lilikuwa na nini kabla ya kusagwa. Mkataba ukiletwa, nani kwetu ataikagua? Tukiendelea kumwambia kila kijana kwamba olivini haiuzwi, atakayekagua ni yuleyule anayeuza.

Hapa ndipo rai ya bei inapojikaanga kwa mafuta yake. Ilisema tusisome jiwe kwa sababu halina soko. Soko limekuja, na hatuna wasomaji wa kutosha wa jiwe. Sehemu kubwa ya maarifa ya Lashaine na Labait imechapishwa na vyuo vya nje, wakati idara iliyomwajiri Dawson ilikuwa Dodoma na mrithi wake bado yuko Dodoma. Vyuo vyetu vina walimu hodari wa jiolojia. Nimewasikia wakieleza mambo haya kwa Kiswahili safi kuliko changu. Wanachokosa ni mtu wa bajeti atakayeacha kuuliza swali la dalali.

Ombi langu kwa mtu huyo ni dogo. Asifadhili olivini kwa kuwa itatuokoa, wala asiinyime kwa kuwa haichongeki. Afadhili meza moja yenye hadubini nzuri na kijana mmoja wa kukaa nayo miaka mitano, halafu amwache.

Nawe msomaji uliye Arusha, Marsabit, Goma au chini ya Chyulu, huna haja ya kungoja bajeti. Kaangalie ukuta wa mawe meusi wa jirani yako asubuhi baada ya mvua, ukiwa na lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona punje za kijani, hiyo ni olivini. Ukiona punje zimekuwa na rangi ya kutu, hiyo nayo ni olivini, ila maji yameshaanza kuila.